Ukienda Tunduma, Kagua Chumba Kwanza

Tunduma hutikisika usiku kucha na hakuna anayeshtuka. Malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia yanaingia kuelekea Dar es Salaam, ya mafuta na mbolea yanajipanga kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kila moja likipita karibu na gesti vioo vya madirisha vinalia na maji kwenye ndoo yanacheza. Mgeni huzoea baada ya siku moja. Shida ni kwamba tetemeko dogo la ardhi nalo huanza hivyo hivyo: ngurumo ya chini chini, kioo kinalia, kitanda kinasogea kidogo. Aliyezoea malori hugeukia upande wa pili akaendelea na usingizi.

Wanaojiandaa kwenda huko huniuliza kama Songwe, mkoa wenye Tunduma, ni salama. Wamo wanunuzi wa mahindi na kahawa, watumishi waliopangiwa Vwawa, madereva wanaokaa mpakani wakisubiri nyaraka, na watalii wanaotaka kukiona kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Jibu langu huwa ni nendeni. Ila swali lenyewe limekaa vibaya, kwa sababu linaichukulia hatari kana kwamba imesambaa sawa kama hali ya hewa. Hatari ya tetemeko hubadilika kutoka gesti moja hadi ya jirani yake. Siku huwezi kuichagua, hata mtaalamu mwenye mitambo yote hawezi kukupa tarehe. Chumba unaweza kukichagua.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, uko katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Kaskazini yake kuna bonde la Ziwa Rukwa, kusini mashariki bonde la Ziwa Nyasa, na katikati zimebaki nyanda za juu za Mbozi, kipande cha mwamba wa kale kilichosalia juu wakati ardhi za pembeni zikididimia. Huhitaji ramani kuliona hilo. Panda gari Mlowo uelekee Kamsamba: unaiacha kahawa na baridi yake, barabara inateremka, na ukifika chini unakuta joto, mashamba ya mpunga na tambarare inayokwenda mpaka Rukwa. Maji ya mvua yamechangia kuuchonga mteremko ule, lakini aliyeuanzisha ni ufa, tetemeko baada ya tetemeko, kwa mamilioni ya miaka. Pande zake zinaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mwendo huo ungekuwa wa taratibu kila siku, tusingekuwa na la kuandika. Lakini mwamba hung'ang'ania kwa miaka mia, wakati mwingine kwa maelfu, halafu huachia kwa sekunde chache deni lote la miaka hiyo.

Tarehe 13 Desemba 1910 uliachia. Tetemeko la Rukwa la siku ile hukadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, na linahesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki tangu vyombo vya kupimia vianze kutumika. Ukiwa Sumbawanga utaonyeshwa kando ya mji ngazi ndefu ya ardhi inayokwenda mbali, upande mmoja juu na mwingine chini. Ni ufa wa Kanda, ambao watafiti wengi wanauhusisha na siku hiyo.

Baada ya hapo orodha ni ndefu, na sitaimaliza. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga katika Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, na mtikisiko wake ukafika hadi Nairobi. Desemba 2009 ikawa zamu ya Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, si mbali na Ileje na Kyela. Msomaji mwepesi ataona zote ni Desemba na kuahirisha harusi ya mwisho wa mwaka. Asijisumbue. Kagera ilipigwa Septemba 2016, na Kaputa, kaskazini mwa Zambia, Februari 2017. Ufa hauna kalenda.

Jambo linalonisumbua mimi kuhusu 1910 ni nyumba. Tetemeko kubwa kiasi kile lilipita katika nchi yenye watu wachache, na wengi wao walilala katika nyumba za miti, udongo na nyasi. Nyumba ya namna ile hupinda na mtikisiko, na hata ikianguka, kinachomwangukia mtu ni fito na nyasi. Sasa tazama Tunduma. Sensa ya 2012 iliukuta mji ukiwa na watu wasiofika laki moja. Ile ya 2022 iliukuta umevuka laki mbili. Waliobanwa na foleni ya mpakani wanahitaji pa kulala leo usiku, na mwenye kiwanja anajenga haraka, ghorofa moja, ya pili, pengine ya tatu, kwa tofali za kuchoma au za bloku. Ardhi ni ile ile ya 1910. Mzigo ulio juu ya kichwa cha aliyelala ndio uliobadilika, na hakuna mtu aliye hai aliyeona mzigo wa namna hii ukijaribiwa kwa 7.4 katika nyanda hizi.

Kagera imetupa kionjo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9. Kwa nguvu iliyotolewa, lile la 1910 lilizidi hilo kwa zaidi ya mara 150. Hata hivyo huko Kagera watu 17 walikufa, mamia walijeruhiwa, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Tena lilipiga alasiri ya Jumamosi, saa tisa na dakika 27, wengi wakiwa wameamka na wengine wakiwa nje. Lingepiga saa nane usiku tungekuwa tunaandika hesabu nyingine. Kuta nyingi zilizolala chini siku ile zilikuwa za tofali au mawe yaliyoungwa kwa udongo, zikapakwa plasta ya saruji juu. Kwa nje ni nyumba ya kisasa. Ndani yake tofali hazijashikana.

Huko Songwe ujenzi wa namna hiyo ni wa kawaida. Tofali za kuchoma zinapatikana kila kijiji, ni za bei nafuu, na nzuri kwa macho. Saruji ndiyo inayomaliza hela. Kuna kejeli ndogo hapa: kiwanda cha saruji kilichopo bonde la Songwe, upande wa Mbeya, kimejengwa penye mawe ya chokaa yaliyoachwa na chemchemi za maji moto, na maji hayo yanapanda kupitia nyufa za bonde lile lile. Ufa unatikisa nyumba, na ufa huo huo ndio uliotuwekea malighafi ya kuzishika zisianguke.

Kwa hiyo ukifika gesti, kabla hujauliza kama kuna maji ya moto, simama ng'ambo ya barabara uitazame nyumba nzima.

Anza chini. Majengo mengi ya kibiashara mjini yana fremu za maduka chini na vyumba vya kulala juu. Upande wa barabarani fremu hazina ukuta. Zina nguzo nyembamba na milango ya chuma. Vyumba vya juu vina kuta nyingi nzito. Mtikisiko ukija, sehemu ya juu hutaka kwenda pamoja kama sanduku moja, na kazi yote ya kupinda huachiwa zile nguzo za chini. Zikishindwa, ghorofa ya kwanza inakaa juu ya maduka. Makosa ya namna hii yameua watu Uturuki, Italia na Mexico, na wahandisi wa huko wameyaandika mpaka wamechoka. Kama una hiari, chagua nyumba ya chini yenye kuta pande zote. Kama huna, chukua chumba kwenye jengo ambalo nguzo zake za chini ni nene na zimepangwa kwa mistari inayoeleweka.

Sasa inua macho. Jengo ambalo mwenye nalo bado ana ndoto ya kuongeza ghorofa huwa limeachiwa nondo zimechomoza juu ya paa. Hiyo ni bahati ya mpita njia, maana nguzo imejieleza yenyewe. Nondo nne nyembamba zilizofungwa kwa ringi zilizo mbali mbali, kila baada ya kama mkono mzima, zinakwambia kwamba nguzo ikisukumwa kwa upande itafunguka. Ringi zikiwa karibu karibu, hasa pale nguzo inapokutana na bimu, kuna fundi aliyesimamiwa. Hapo hapo juu tazama simtanki. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano, na mara nyingi limekalishwa kwenye kona ya ukuta juu ya vyumba. Usilale chini yake.

Kwenye nyumba za chini, kitu cha kutafuta ni lenta. Namaanisha mkanda wa zege wenye nondo unaoizunguka nyumba yote juu ya madirisha, na kuzifunga kuta nne ziwe kitu kimoja. Nyumba nyingi zina lenta ya vipande: juu ya mlango kipande, juu ya dirisha kipande, katikati tofali tupu. Hiyo hubeba uzito juu ya tundu tu, haifungi nyumba. Pale Mlowo nilisimama kwenye nyumba iliyokuwa inapanda, nikamwamkia fundi, mzee mwenye mikono ya kazi, nikamuuliza mbona lenta imeishia mlangoni.

“Hela ya tajiri iliishia hapo hapo,” akasema, akaendelea kupanga tofali.

Hakuwa mjinga. Alijua lenta inatakiwa kuzunguka, na alinionyesha kwa mwiko ni wapi ingepita. Nyuma ya nyumba zetu nyingi dhaifu kuna fundi anayejua na tajiri asiyeona sababu ya kuzika nondo ndani ya ukuta zisikoonekana.

Lenta ya kuzunguka huwezi kuiona ikishapigwa plasta, lakini kuna dalili. Nyufa zinazoanzia pembe za madirisha na kupanda mshazari ni ishara mbaya. Ufa mnene unaokwenda wima kwenye kona, pale kuta mbili zinapokutana, ni mbaya zaidi, maana kuta hizo zimeshaanza kuachana. Tazama pia pembetatu ya ukuta inayopanda hadi ncha ya paa: ikiwa ni tofali tupu zisizofungwa kwenye kenchi, huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuanguka, na huanguka nje, juu ya yule anayekimbia. Kwa sababu hiyo ukishatoka usisimame kando ya ukuta. Nenda mbali, angalau urefu wa nyumba yenyewe na zaidi kidogo.

Ghorofa zetu zinaanguka hata bila tetemeko. Dar es Salaam iliona jengo likiporomoka Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30, na Kariakoo ikaona jingine Novemba 2024. Ardhi ilikuwa imetulia siku zote mbili. Mtu akiniambia jengo fulani limekaa miaka kumi bila kutetereka, namwelewa, ila hajaniambia chochote kuhusu siku litakaposukumwa kwa upande.

Ukishalipia chumba, muulize mhudumu swali moja: “Dada, funguo ya geti usiku inakaa kwa nani?” Gesti nyingi hufungwa kwa kufuli kuanzia saa tano au sita, madirisha yana nondo, na mlinzi analala kwenye kibanda chake na funguo mfukoni. Ni kinga nzuri dhidi ya wezi. Kwa tetemeko, na zaidi kwa moto, ni mtego. Na moto Tunduma si jambo la kusadikika tu. Malori ya mafuta hupanga foleni mita chache kutoka vyumbani. Mimi huchagua upande wa nyumba usiotazama foleni hiyo, hata kama chumba chake ni kidogo.

Sasa tuseme tetemeko limepiga. Wanaosoma maelekezo ya Japani au California wameambiwa wainame, wajifunike chini ya meza na washikilie. Hayo ni maelekezo sahihi kwa jengo lililofungwa nondo ambalo halitarajiwi kuanguka. Hatari ya humo ni makabati, taa na vioo. Kuyahamisha kama yalivyo mpaka nyumba ya tofali na udongo ni kumshauri mtu angoje ukuta. Msimamo wangu, ambao baadhi ya wenzangu wanaupinga, ni huu: ukiwa kwenye nyumba ya chini iliyo dhaifu, na mlango uko hatua chache, na nje kuna uwazi, toka mara moja. Ukiwa ghorofani usikimbilie ngazi. Ngazi ni sehemu dhaifu, na utaanguka kabla hujafika. Shuka kitandani ujibanze chini kando yake, kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, funika kichwa na shingo kwa mto. Ile hekima ya kusimama kwenye fremu ya mlango iache. Mlango wa nyumba zetu hauna nguvu kuliko ukuta unaoushika.

Muda wa kuamua ni mfupi, ila si sifuri. Mawimbi ya kwanza hufika yakiwa mepesi, mshtuko mmoja na ngurumo. Yale yanayotikisa kwa upande huja nyuma yake. Kama chanzo kiko kilomita 40 kutoka ulipo, tofauti ni kama sekunde tano. Katika eneo la Rukwa matetemeko mengine huanzia kina cha kilomita 20 na 30 na zaidi, hivyo hata yanapopiga chini yako kabisa unaweza kupata sekunde chache. Sekunde tano zinatosha kwa aliyeamua kabla. Anayeanza kutafuta viatu na simu zinamwishia kitandani. Viatu viwekwe chini ya kitanda, tochi karibu na mto, na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwenye mfuko mmoja, hasa kwa anayevuka kwenda Zambia.

Karonga ndiyo inayonifanya niwe mkali kuhusu kinachofuata. Tarehe 6 Desemba 2009 lilipiga la 5.8. Watu walitoka, wakatazama nyufa, wakashukuru Mungu. Siku mbili baadaye likaja la 5.9. Tarehe 12 likaja la 5.4. Halafu usiku wa kuamkia tarehe 20, wiki mbili tangu la kwanza, likapiga kubwa kuliko yote, 6.0, kwenye nyumba ambazo tayari zilikuwa zimelegezwa na matatu yaliyotangulia. Watu wanne walikufa na maelfu ya nyumba yakaharibika. Hatukulelewa kufikiri kwamba kubwa linaweza kuja mwisho. Tunadhani kubwa huja kwanza na yanayofuata ni mabaki, na mara nyingi ni kweli, lakini katika bonde hili imeshatokea kinyume, na mpaka wa Tanzania ulikuwa jirani kabisa.

Kwa msafiri maana yake ni kwamba tetemeko la kwanza likishapita na ukuta wa gesti yako una ufa mpya, chumba kile kimekwisha. Usirudi kulala kwa sababu umeshalipia. Najua Desemba ni msimu wa mvua na baridi ya Mbozi inauma. Hata hivyo lala ndani ya basi, ndani ya lori, chini ya turubai, kwenye kibanda cha mabati. Na wakati huo simu zitajaa ujumbe wa WhatsApp unaotaja saa kamili ya tetemeko lijalo. Ufute. Hakuna chombo duniani kinachotaja saa. Taarifa za kutegemea hutoka kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, ambayo ina vituo vya kupimia, na kwa viongozi wa wilaya. Zimamoto ni 114, polisi ni 112.

Kuhusu mahali pa kulala nje ya Tunduma nitasema kwa ufupi. Mji wenyewe na Vwawa viko kwenye mwamba wa nyanda za juu, ambao kwa kawaida hauukuzi mtikisiko. Tambarare za chini, kuanzia Kamsamba kuelekea ziwani, ni mchanga na tope la mito, na udongo uliolowa wa aina hiyo hukuza mtikisiko na unaweza kulegea ukawa kama uji, jambo lililoonekana Karonga. Ileje ina milima. Barabara ya Mpemba hadi Isongole ni nzuri sasa, ila kingo zilizokatwa kwenye mlima na kulowa mvua huporomoka kirahisi, na hazihitaji tetemeko kubwa. Kwa mchimbaji mdogo wa Mkwajuni aliyeko ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, hata tetemeko ambalo Vwawa hawalisikii linatosha kumletea kifusi. Na tusidanganyane: kwa msafiri wa kawaida, mteremko wa Senjele kwenye barabara kuu na dereva aliyechoka ni hatari ya kila siku kuliko ufa wa Rukwa. Funga mkanda.

Linalobaki ni soko. Serikali ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa na halmashauri zina mamlaka ya kutoa vibali vya ujenzi, lakini wahandisi wetu wengi wamefundwa kwa viwango vya Uingereza, nchi isiyokosa usingizi kwa ajili ya matetemeko, na mkaguzi mmoja hawezi kupita kila fremu inayopanda Tunduma. Mgeni anapita. Miaka ya nyuma gesti za mpakani hazikuwa na televisheni chumbani wala maji ya moto. Wateja waliuliza, wakahama, wenye nyumba wakaweka. Sijawahi kumsikia mteja akimuuliza mwenye gesti kama lenta yake inazunguka nyumba nzima. Mtu wa mapokezi atakushangaa mara ya kwanza na atamwita bosi. Bosi akisikia swali hilo hilo kwa dereva wa Kongo, mnunuzi wa kahawa na ofisa wa forodha ndani ya mwezi mmoja, nyumba yake ya pili ataijenga huku akimuuliza fundi bei ya nondo.